Mipangilio ya poti ambayo haijafika: kisa cha ghala la ufuta mkoani Lindi, Mei 2024

Hali ilivyokuwa

Ghala ninalolizungumzia liko mkoani Lindi. Linapokea ufuta na mbaazi, na msimu ukigeuka linapokea korosho, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Jina lake, wilaya yake, mtoa huduma wa intaneti na duka lililouza vifaa nimeviacha. Anwani za IP na majina ya profaili (seti za mipangilio ya mtandao) nimeyabadilisha. Tarehe nimeziacha kama zilivyo kwa sababu bila hizo kisa hakieleweki: ni Mei 2024, wiki ya kimbunga Hidaya.

Seva ya pale ni kompyuta ya mezani ya kawaida, inaendesha Debian 12 (mfumo endeshi wa aina ya Linux), imewekwa juu ya kabati la mafaili ili panya na maji vyote viifikie kwa shida. Ilikuwa na poti mbili za mtandao. Ya kwanza, enp1s0, ilikwenda ndani kwenye swichi inayounganisha kompyuta ya mizani, kompyuta mbili za makarani na printa ya stakabadhi. Ya pili, enp3s0, ilikuwa kadi ya kuongezea, na kebo yake ilipanda paani kwenye antena inayotazama mnara wa mtoa huduma. Mipangilio ya mtandao ilisimamiwa na NetworkManager, programu inayoamua poti ipi itumie profaili ipi. Niliiweka mimi mwenyewe mwaka uliotangulia, kwa hiyo makosa mengi utakayosoma hapa ni ya kwangu.

Jumamosi tarehe 4 Mei kimbunga kilifika pwani. Usiku ule umeme ulicheza mpaka ukazimika kabisa, na kulipokucha kadi ya pili ilikuwa imekufa, antena imegeukia baharini. Mtoa huduma aliahidi kuirudisha antena mahali pake kabla ya mwisho wa wiki. Kadi ilikuwa juu yetu. Mtwara mjini nilikuta adapta moja tu ya USB ya waya, ya zamani, na muuzaji hakujua chipu yake ni ipi, basi nikaagiza Kariakoo: adapta mpya ya USB badala ya kadi iliyoungua, pamoja na modemu ya laini ya simu iwe akiba mnara ukizingua tena.

Kwa kawaida mzigo kutoka Kariakoo unalala njiani usiku mmoja. Wiki ile barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga. Mzigo ukapakiwa kwenye lori lililoamua kuzunguka Songea, Tunduru na Masasi. Dereva alisema atafika akifika.

Mimi nakaa Mtwara. Barabara ya kwetu kupitia Mnazi Mmoja ilikuwa inapitika, lakini wiki ile kila mtu alikuwa na kitu kilichoungua, na ghala lile nililipatia siku moja tu: Jumanne tarehe 7. Vifaa havitakuwepo. Vikija, wa kuvichomeka atakuwa karani mkuu, mama wa makamo ambaye anaweza kukwambia ufuta umekauka au bado kwa kuusugua kiganjani, ila kompyuta kwake ni chombo cha kuandikia stakabadhi, basi. Namwita Mama, ananiita mwanangu. Ufuta ulikuwa unakaribia kuanza kuingia. Lengo langu likawa hili: niandike kila kitu mapema, ili siku mzigo ukifika Mama achomeke vitu viwili na aendelee na kazi zake.

Jumanne: kuandikia kitu kisichokuwepo

Kuhifadhi mipangilio ya poti ambayo haipo ni jambo la kawaida kabisa. NetworkManager haitakuuliza kifaa kiko wapi. Unatengeneza profaili, inaandikwa kwenye faili ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections, na inakaa hapo. Ukitoa amri ya nmcli connection show, utaiona kwenye orodha kama wenzake, isipokuwa kwenye safu ya kifaa pana vistari viwili. Hivyo vistari maana yake ni kwamba profaili ipo na inasubiri. Kinachonisumbua mimi mpaka leo ni swali linalofuata: inamsubiri nani, na akija itamtambuaje?

Kwa modemu swali hilo lilikuwa na jibu jepesi. Nilikuwa na modemu ya aina ileile kwenye mkoba. Modemu hizi zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, kisha baada ya sekunde chache hubadilika na kuwa poti ya mtandao. Debian huipa poti ya USB jina linaloanza na enx likifuatiwa na MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa cha mtandao), na ajabu ya modemu za toleo lile ni kwamba nyingi zimetoka kiwandani na MAC moja: jina huwa enx0c5b8f279a64 ukiwa Lindi, Mtwara au popote. Kwa mtu mwenye modemu mbili kwenye kompyuta moja huo ni msiba, kwa sababu ya pili inakuta jina limeshachukuliwa. Kwangu ilikuwa neema. Nikachomeka ya kwangu, nikaandika profaili AKIBA iliyofungwa kwenye jina hilo, nikaipa kipimo cha njia cha 600 (namba ikiwa kubwa, njia huchaguliwa mwisho) ili isipitiwe na trafiki mnara ukiwepo, nikahakikisha intaneti inakuja, nikachomoa. Profaili ikarudi kwenye vistari viwili.

Adapta ya USB ndiyo iliyonishinda. MAC yake sikuwa nayo, na kwa hiyo jina lake litakalotokea sikulijua pia. Nilichokuwa nacho ni profaili ya kadi iliyoungua, yenye anwani ya kudumu tuliyopewa na mtoa huduma, imefungwa kwenye enp3s0. Nikaichukua nakala, nikaiita MNARA-MPYA, na kwa kuwa sikujua jina la poti mpya nikaliondoa kabisa. Nilijiambia: poti pekee isiyo na mwenyewe itakuwa hiyo adapta, basi profaili itaikamata. Nikaongeza na kipaumbele cha kujiunganisha, 10, kwa hofu kwamba NetworkManager itatengeneza profaili yake ya papo kwa papo na kunizidi kete. Hofu ya bure. Profaili zile za kujitengeneza hupewa kipaumbele cha hasi 999, hakuna asiyezishinda.

Ile ya zamani sikuifuta. "Huwezi jua," nilijisemea, sentensi ambayo imejaza seva nyingi za mkoa huu mabaki.

Sikuwasha upya seva. Makarani walikuwa wanahakiki mbaazi za msimu uliopita na sikutaka kuwasimamisha. Saa kumi jioni nikapanda gari kurudi.

Umeme ulipokatika

Usiku wa Jumanne umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Saa mbili kasoro Jumatano simu ikaita.

"Mwanangu, mizani haioni kompyuta."

"Shikamoo Mama. Taa za swichi zinawaka?"

"Marahaba. Zinawaka zote. Na printa nayo imegoma."

Nikamwomba akae mbele ya seva na aandike nitakachomtajia. Herufi n, m, c, l, i zikishikana, nafasi, kisha device. Akasoma polepole, kidole nahisi kikiwa kwenye skrini: "Hapa mwanzo pana e-n-p-moja-s-sifuri. Mwisho wa mstari pameandikwa MNARA-MPYA."

Nilikaa kimya kidogo. enp1s0 ni poti ya ndani. Ilitakiwa iwe na profaili ya ndani.

Kilichotokea ni hiki. Mchana wa Jumanne profaili ya ndani ilikuwa tayari inafanya kazi kwenye enp1s0, na NetworkManager haimwondoi aliyekwisha kukaa. Kwa hiyo sikuona kasoro yoyote. Umeme ulipokatika na seva ikawaka upya, poti zote zikawa tupu. NetworkManager ikaitazama enp1s0 na kuuliza: profaili zipi zinaiweza? Mbili. Ya ndani, iliyofungwa kwenye jina hilo, kipaumbele sifuri. Na MNARA-MPYA, isiyofungwa popote, kipaumbele 10. Kufungwa kwa jina hakuongezi uzito wowote kwenye uchaguzi. Kinachotazamwa kwanza ni kipaumbele. Anwani ya mnara ikakaa kwenye mtandao wa ndani, na ghala zima likawa halionani.

Marekebisho yalichukua dakika ishirini, nyingi zikiwa za kutaja herufi. Tukainua profaili ya ndani kwa mkono, tukaizuia MNARA-MPYA isijiunganishe yenyewe. Mizani ikarudi. Mama akauliza kama anaweza kuendelea sasa, nikasema ndiyo, naye akakata simu kabla sijamaliza kuomba radhi.

Uamuzi wa MAC

Jumatano hiyohiyo nilitakiwa kuamua: nisubiri mzigo ufike niende mwenyewe, au nijaribu tena kuandika mapema. Nikajaribu tena. Muuzaji wa Kariakoo alikuwa amenitumia picha ya boksi la adapta kwenye WhatsApp kama ushahidi kwamba amefunga mzigo. Nikaikuza, na ubavuni mwa boksi palikuwa na lebo yenye MAC, herufi na tarakimu 12. Nikampigia tena Mama, tukaifunga MNARA-MPYA kwenye MAC hiyo, nikaondoa kipaumbele, nikairuhusu kujiunganisha. Safari hii nikamwomba aiwashe upya seva nikiwa kwenye simu. Ikaamka, ndani kukawa sawa, MNARA-MPYA ikabaki kwenye vistari viwili. Nilifurahi.

Nilikuwa nimejifunza nusu ya somo. Profaili haikuwa tena inanyakua poti ya mwingine. Lakini ushahidi wangu wa utambulisho ulikuwa picha ya boksi, na boksi la dukani Kariakoo halina kiapo na kilichomo ndani.

Jumapili

Lori lilifika Jumamosi tarehe 11 usiku. Jumapili asubuhi Mama, Mungu ambariki, akaenda ghalani siku ambayo si ya kazi. Mafundi wa mnara walikuwa wameshairudisha antena Ijumaa.

Akachomeka modemu kwanza. Ndani ya dakika moja AKIBA ikawaka, bila kugusa kitu. Ile ndiyo sehemu pekee ya mpango iliyokwenda kama ilivyoandikwa.

Akachomeka adapta na kebo ya antena. Taa zikawaka. Akasoma orodha: poti mpya ipo, jina lake enx na herufi nyingine kabisa, na mbele yake pameandikwa Wired connection 1. Hiyo ndiyo profaili ya kujitengeneza. NetworkManager ilikuwa imepata mgeni isiyemjua, ikamkaribisha kwa desturi ya kawaida, yaani kuomba igawiwe anwani (kwa DHCP), na upande wa mnara hakuna anayegawa anwani. MNARA-MPYA ilikuwa palepale kwenye vistari viwili, ikimsubiri mtu ambaye hakuwemo kwenye boksi. Muuzaji baadaye alikiri kwamba alizijaribu adapta tatu pamoja na kuzirudisha "humohumo kwenye maboksi".

Haikuwa janga. Tungeweza kutumia modemu siku hiyo. Lakini modemu nayo, ingawa iliunganishwa, tovuti hazifunguki. Anwani ya modemu yenyewe inajibu, majina ya tovuti yanajibu mara moja moja, kurasa hazimalizi. Nikamwambia Mama achomoe, asubiri, achomeke. Akachomoa. Nikamwambia abadilishe tundu la USB. Akabadilisha. Nikamwambia ahamishe laini kwenye simu yake na kuirudisha. Hivyo kwa karibu saa nzima, mpaka nikajaribu kufungua ukurasa kwenye simu yangu mwenyewe Mtwara na nao ukagoma. Jumapili ile, tarehe 12 Mei 2024, kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikuwa zimepata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kuchechemea.

Ningetazama simu yangu kwanza, Mama angekuwa amekwisha kurudi kwake kupika.

Fayawoli iliyokuwa tupu

Jioni njia yangu ya WireGuard, yaani handaki la siri la mtandao, kutoka seva ya ghala hadi kwenye seva ninayokodi ilifanikiwa kuinuka kupitia modemu, kwa kukatikakatika. Sasa nikawa ndani. Seva yenyewe ilikuwa inapata intaneti ile ya kuchechemea, lakini kompyuta za makarani hazikupata hata tone. Hili halikuwa la kebo za baharini.

Nikaomba nft list ruleset, yaani orodha ya kanuni za fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao). Ikajibu kwa mstari mtupu. Hakuna kanuni hata moja. Nikauliza systemctl --failed, na hapo juu kabisa palikuwa na nftables, huduma inayopakia kanuni hizo, imeshindwa kuanza. Kumbukumbu zake zilikuwa wazi: kanuni inaitaja poti enp3s0, na poti hiyo haipo.

Hapa ndipo kisa hiki kilinifundisha zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika nftables kuna namna mbili za kuitaja poti. Ukiandika iif, jina unalolitaja hugeuzwa kuwa namba ya poti pale kanuni zinapopakiwa. Poti isiyokuwepo haina namba, kwa hiyo mstari huo ni kosa. Na kwa kuwa faili la kanuni hupakiwa kwa mkupuo, ama zote ama hakuna, mstari mmoja wenye kosa unaangusha faili zima. Ukiandika iifname, jina hubaki kuwa jina, na hulinganishwa kila pakiti inapopita. Poti ikiwepo kanuni inafanya kazi, isipokuwepo kanuni inakaa kimya. Kwa ghala lenye kompyuta tatu tofauti ya kasi kati ya hizo mbili huwezi kuiona. Mimi mwaka uliotangulia niliandika iif kwa sababu mwongozo niliousoma ulisema ni ya haraka zaidi.

Matokeo yake: tangu asubuhi baada ya kimbunga, kila seva ilipowaka, haikuwa na fayawoli kabisa, wala ile kanuni ya kuzipitisha kompyuta za ndani kwenda nje. Siku nane. Jumanne nilikaa mbele ya mashine hiyo mchana mzima na sikuona, kwa kuwa, ukiacha lile jaribio la modemu yangu, hapakuwa na intaneti ya kunionyesha kwamba makarani hawaipati. Hatukupigwa, kwa sababu tu hapakuwa na njia ya kutoka nje kuingia. Jumapili tulipochomeka modemu, seva ilikuwa nje uchi, imefichwa na modemu yenyewe tu.

Poti iliyokufa ilikuwa imeacha jina lake ndani ya faili la pili ambalo sikulikumbuka. Baadaye nikapekua na la tatu: dnsmasq, inayogawa anwani ndani, ilikuwa na mstari wa bind-interfaces. Kwa mstari huo, poti iliyotajwa isipokuwepo, huduma inakataa kuanza. Bahati yetu ilitaja enp1s0 peke yake. Nikaubadilisha kuwa bind-dynamic, ambao huipokea poti itakapotokea.

Tulivyopanga upya

Niliamua mambo matatu, na kila moja lilikuwa na sababu ya kukataa jingine.

La kwanza, adapta isitambuliwe kwa MAC. Adapta za USB hufa, huazimwa, hubadilishwa. Ikibadilishwa, sitaki kupiga simu ya herufi 12 tena. Isitambuliwe pia kwa jina la enx, kwa kuwa jina hilo ni MAC ileile iliyovaa kanzu. Kisichobadilika pale ghalani ni tundu lenyewe kwenye mgongo wa kompyuta. Nikaandika faili la .link, la kuipa poti jina, ndani ya /etc/systemd/network, lenye masharti mawili: njia ya tundu lile la USB, na dereva (programu ya kuendesha kifaa) ya chipu ya adapta, r8152. Masharti yote mawili yakitimia, poti inaitwa mnara0. Jina linakuwepo kabla ya kifaa. Kifaa chochote cha chipu hiyo kitakachoingia tundu hilo kitalirithi.

Sharti la dereva lilikuja baada ya kujiuliza: Mama akichanganya matundu je? Kwa njia ya tundu peke yake, modemu ikiingia upande wa adapta ingeitwa mnara0 na kupewa anwani ya mnara. Kwa masharti mawili, modemu ina dereva nyingine, hailipati jina hilo, inabaki enx yake na AKIBA inaipokea popote ilipo.

La pili, profaili zote, fayawoli na dnsmasq zitaje majina hayo tu: enp1s0, mnara0, na enx ya modemu. Kwenye fayawoli ni iifname na oifname (ya pakiti zinazotoka). Nikafuta profaili ya enp3s0, nikapekua enp3s0 ndani ya /etc yote kwa grep, amri ya kutafuta neno kwenye mafaili, nikakuta moja zaidi kwenye skripti ya kupima mtandao. Nikaizima pia tabia ya NetworkManager ya kutengeneza Wired connection 1, kwa mstari wa no-auto-default. Afadhali mgeni asiyefahamika asimame mlangoni kuliko apewe kiti.

La tatu, Mama asihitaji kukumbuka. Nilipokwenda Ijumaa iliyofuata nilibeba utepe wa rangi, lakini utepe kwenye joto la Lindi hubanduka. Yeye akatoa rangi ya kucha mkobani, nyekundu, akapaka tundu la adapta. Bora kuliko wazo langu.

Siku hiyo tuliijaribu kwa kuiwasha upya mara nne, na makarani tukawaomba saa moja ya kusimama: bila adapta wala modemu, na modemu peke yake, na adapta peke yake, na vyote viwili. Kisha tukachomoa na kuchomeka mashine ikiwa inawaka. Kila mara tulitazama vitu vitatu: ndani kunaonana, kanuni za fayawoli zipo, na hakuna huduma iliyoshindwa kuanza. Ile ya kwanza, bila kitu chochote, ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Matokeo

Ufuta ulianza kuingia na stakabadhi zikachapwa. Mnara ulipozingua katikati ya msimu, modemu ilibeba. Adapta imeshabadilishwa mara moja, na karani mdogo, bila kunipigia. Nilijua siku ya pili nilipoona MAC ngeni kwenye kumbukumbu chini ya jina la mnara0. Kilichopotea ni asubuhi moja ya mizani, Jumapili moja ya Mama, na siku nane za seva bila ulinzi ambazo hazikutugharimu kwa bahati tu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuanzia mwanzo ni modemu, na sababu yake ni moja: niliijaribu na kifaa halisi cha aina ileile, kisha nikakiondoa. Profaili ya poti isiyokuwepo ukiiandika kwa kukisia unaweka dau. Kama unaweza kuazima kifaa kinachofanana kwa nusu saa, azima.

Kosa la Jumanne watu wengi hulifanya, na linajificha kwa sababu mfumo unaofanya kazi hauonyeshi mipangilio iliyohifadhiwa. Unaonyesha iliyokwisha kushika. Profaili isiyofungwa popote ni kama barua isiyo na jina kwenye bahasha, atakayeifungua ni yeyote atakayeiokota. Sikosoi NetworkManager hapa. Ilifanya nilichoiandikia. Nilichokosa ni kuwasha upya, na sababu ya kutowasha, kwamba makarani wako kazini, ilikuwa ya adabu lakini si ya kiufundi. Ningewaomba dakika tano Jumanne, wasingepoteza asubuhi ya Jumatano.

MAC haikuwa uamuzi mbaya kwa kila mahali. Kwenye seva yenye kadi zilizofungwa kwa skrubu, MAC inakaa miaka. Kwa vifaa vya USB vinavyopita mikononi mwa wauzaji na makarani, haifai. Na njia ya tundu nayo ina udhaifu wake: ukibadilisha kompyuta yenyewe, njia zinabadilika, itabidi faili la .link liandikwe upya. Nimeiandika hiyo kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu faili la maelezo ndani ya seva iliyokufa halisomeki.

Wenzangu wanaotumia Ubuntu na Netplan, programu yake ya mipangilio ya mtandao, watakutana na sura nyingine ya jambo hilihili. Poti ikiandikwa kwenye Netplan bila optional: true, seva ikiwaka bila poti hiyo husimama ikiisubiri, kwa kawaida dakika mbili, na karani ataizima kwa kidole akidhani imekwama. Kwenye Debian yenye ifupdown, programu ya zamani ya kusimamia poti, tofauti ni kati ya auto na allow-hotplug: ya kwanza inailazimisha poti iwepo, ya pili inaipokea ikija. Na makarani wa Windows wana mzimu wao: ukitoa kadi ya zamani na kuipa mpya anwani ileile, Windows inalalamika kwamba anwani hiyo ni ya adapta nyingine ambayo haionekani. Adapta hiyo iko kwenye rejista bado, na utaiona kwenye orodha ya vifaa baada ya kuruhusu vilivyofichwa. Kompyuta ya mizani pale ghalani ilikuwa na tatu za namna hiyo.

Nimeulizwa na mwenzangu mmoja kwa nini sikusubiri tu mzigo na kwenda mwenyewe. Kwa hesabu ya saa, pengine ningetumia chache kuliko hizo nilizotumia kwenye simu. Lakini barabara ile imekatika kabla ya Hidaya na baada yake, na vifaa vitaendelea kufika siku ambayo mimi sipo. Mara ya mwisho nilipopita ghalani, niliona Mama amepaka rangi ya kucha si kwenye tundu tu. Plagi ya adapta nayo nyekundu, na ya modemu, kwa vile nyekundu iliisha, ya waridi.